Rimu ya Chuma au ya Aloi kwa Gari la Shambani?

Ndugu madereva, matanboi na wafanyakazi wote mnaobebwa kwa gari la shamba,

Somo letu la mara hii limetokana na kesi. Katika shamba moja la chai magharibi mwa Uganda, dereva mwenzetu alikuwa akienda na pikapu kuchukua wachumaji baada ya mvua, akagonga jiwe lililofichwa na tope. Rimu ya mbele ikapasuka, tairi likaisha upepo papo hapo. Kwa bahati gari lilikuwa tupu. Uongozi ukamwandikia barua kwamba atakatwa mshahara miezi minne kulipia rimu ile. Tulipokwenda kumtetea tukaona aibu: sisi wenyewe hatukujua la kusema juu ya rimu. Ikabidi tumwite fundi wa gereji, tukakaa naye mchana mzima.

Rimu ya chuma hutengenezwa kwa bamba la chuma lililokunjwa na kuchomelewa. Rimu ya aloi ni aluminiamu iliyochanganywa na vitu vingine kidogo kama silikoni, na nyingi huyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu. Hapo ndipo tofauti inapoanza. Chuma kikigongwa sana, kwa kawaida hupinda. Aloi ya kumiminwa ikipata pigo kama hilo yaweza kupasuka.

Ukingo wa chuma uliopinda unaweza kugongwa kwa nyundo mpaka tairi lishike upepo, mkarudi nyumbani polepole. Hayo si matengenezo kamili. Rimu hiyo ikaguliwe gereji, na ikiwa na ufa karibu na matundu ya nati, itupwe. Aloi iliyopasuka haigongwi kwa nyundo. Kuichomelea kunataka mashine ya gesi ya agoni na fundi anayeijua, na hata hivyo moto hupunguza nguvu ya aluminiamu iliyo kando ya mshono. Fundi wetu alisema angeichomelea akitakiwa, lakini yeye mwenyewe asingepanda gari hilo.

Tusiionee aloi. Mara nyingi ni nyepesi, hupoza breki vizuri, na haili kutu jekundu kama chuma. Kwa gari la meneja linalokwenda Kampala kwa lami hatuna ubishi. Zipo pia aloi zilizofuliwa kwa mgandamizo ambazo ni imara sana, ila bei yake hakuna shamba tulilopata kuona likiilipa kwa gari la wachumaji.

Sasa nati, na hapa tunaomba madereva wasome mara mbili. Rimu nyingi za chuma hufungwa kwa nati zenye ncha ya mteremko kama koni. Aloi nyingi za Toyota hufungwa kwa nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Gari likiwa na aloi nne na spea ya chuma, halafu spea ikafungwa kwa nati za aloi, rimu haibanwi sawasawa na gurudumu laweza kuchomoka njiani na watu wako nyuma. Kila aina na nati zake. Baada ya kubadili gurudumu, nati zikazwe tena gari likishakwenda kilometa 50 hadi 100. Mtazame pia uzito uliopigwa chapa kwenye rimu, kisha mpige hesabu ya watu pamoja na magunia ya majani mabichi.

Turudi kwa dereva wetu. Tuligundua kuwa zile aloi zilivuliwa kwenye gari la meneja aliponunua mpya, zikavishwa pikapu badala ya rimu zake za chuma. Dereva hakuulizwa. Tukawaonyesha uongozi Mkataba wa 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, kifungu cha 8: mshahara ukatwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Barua ile haikutaja hata kimoja.

Makato yamesimamishwa. Pikapu imerudishiwa rimu tano za chuma, spea ikiwemo, na nati zake. Fedha za mwezi wa kwanza bado hazijarudishwa, na tumeziweka katika ajenda ya kikao kijacho.