SOMO LA WIKI: Rangi ya nje isiyopauka, pima kabla ya kutoa mtaji

Mfanyabiashara wa rangi za majengo hapati hasara siku anayouza. Hasara huja miezi kadhaa baadaye, mteja anaporudi na kulalamika kwamba ukuta wake uliokuwa mwekundu sasa ni wa waridi, au kwamba ukiushika unabaki na unga mkononi. Mwenye kiwanda kidogo cha kuchanganya rangi yumo katika hatari hiyo hiyo, maana jina lililo kwenye ndoo ni lake. Somo la wiki hii linaeleza jinsi ya kujua mapema kama rangi itahimili jua.

Rangi ya maji ina vitu vikuu vinne: unga wa rangi, gundi, unga wa kujazia na maji. Unga wa kujazia, ambao mara nyingi ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, ni wa bei nafuu. Unga wa rangi na gundi ni ghali, na ndivyo vinavyopunguzwa pale mtengenezaji anapotaka kuuza chini ya bei ya wenzake.

Unga wa rangi

Kila aina ya unga wa rangi ina nambari yake katika orodha ya kimataifa iitwayo Colour Index. Mnunuzi asikubali jina la "nyekundu" au "njano" peke yake, aombe nambari.

Nyekundu ya PR101 na njano ya PY42 ni oksidi za chuma, yaani ndugu wa kutu na udongo mwekundu. Hazing'ai sana, lakini jua haliziwezi na saruji haizidhuru. Bluu ya PB15 na kijani cha PG7, vyote vya jamii ya ftalosianini, navyo hudumu vizuri nje. Kwa njano inayong'aa ipo PY184, yenye bismuti na vanadi. Ni ghali, lakini inahimili.

Kwa upande mwingine, nyekundu ya PR3 na njano ya PY1 hupendeza sana ndoo inapofunguliwa. Zikichanganywa na nyeupe nyingi ili kupata waridi au maziwa, hupauka upesi. Hilo ni jambo la kukumbuka: unga unaovumilia ukiwa mzito huweza kushindwa ukipunguzwa kwa nyeupe. Kwa hiyo muulize muuzaji kipimo cha kuhimili mwanga kwa rangi nzito na kwa rangi iliyopunguzwa. Katika kipimo cha vitambaa vya sufi ya bluu, 1 ndicho cha chini na 8 ndicho cha juu; kwa ukuta wa nje tafuta 7 au 8.

Njano ya PY34 iepukwe kabisa. Ina risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza risasi katika rangi isizidi sehemu 90 katika milioni.

Nyeupe nayo ina aina mbili. Zote ni titani dioksidi, lakini ile ya anatazi ikipigwa na jua huichokoza gundi iliyo karibu nayo mpaka ivunjike, na ukuta huanza kutoa unga. Ya rutili, hasa iliyofunikwa kwa silika na alumina, ndiyo ya nje.

Gundi na kiasi chake

Gundi ya akriliki tupu hustahimili mionzi ya jua kuliko akriliki iliyochanganywa na stairini, ambayo huelekea kuwa ya manjano na kuchakaa. Gundi ya PVA ya kawaida ifae ndani tu, kwa sababu haipatani na maji na chokaa ya ukutani.

Kiasi pia kina maana. Unga ukizidi mno, gundi haitoshi kuizunguka kila chembe, na matundu hubaki. Maji huingia, uchafu hushika, na rangi huonekana imepauka hata kama unga wake ni mzuri. Ndiyo maana rangi ya dari ya bei nafuu, iliyojaa chokaa, haifai kupakwa nje.

Hesabu

Tuchukue mfano wa ukuta wa mita za mraba 200. Lita moja ikipaka mita 10, mikono miwili huhitaji lita 40, yaani ndoo 2 za lita 20. Tuseme ndoo ya kwanza ni Sh. 60,000, ya pili Sh. 110,000, na ufundi ni Sh. 300,000.

Rangi ya bei ndogo: 120,000 + 300,000 = Sh. 420,000. Ikidumu miaka 2, ni Sh. 210,000 kwa mwaka.

Rangi ya bei kubwa: 220,000 + 300,000 = Sh. 520,000. Ikidumu miaka 5, ni Sh. 104,000 kwa mwaka.

Bei hizi ni za mfano. Weka za soko lako. Lakini mteja akionyeshwa hesabu hii kwenye karatasi, ataona kwamba gharama kubwa ni fundi, na ndoo ya bei ndogo humrudisha fundi mapema.

Jaribio la dukani

Kabla ya kununua shehena, paka kibao kimoja mikono miwili. Kikikauka, funika nusu yake kwa karatasi ya alumini na ukiweke juu ya paa kikitazama mbingu. Baada ya miezi mitatu funua na ulinganishe nusu mbili hizo. Kisha futa upande uliopigwa jua kwa kitambaa cheusi kikavu. Kikitoka cheupe, gundi imeanza kuvunjika.

Mwisho, mweleze mnunuzi asipake lipu mbichi. Saruji mpya ina ukali wa chokaa unaoharibu gundi na baadhi ya rangi. Angoje takriban siku 28. Pia fundi asizidishe maji kuliko maelezo ya kwenye ndoo. Malalamiko mengine yanayoletwa dukani huanzia hapo, na muuzaji aliyetoa maelezo haya mapema, yakaandikwa kwenye stakabadhi, ana la kujibu.