KUTUNGA SWALI LA UTAFITI KUTOKA RIWAYA YA SIKU NJEMA

Mwaka huu chama chetu kimenipa kazi ya kueleza jinsi mwanafunzi anavyoweza kutunga swali la utafiti kutokana na historia iliyomo ndani ya riwaya. Nimechagua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka wa 1996. Sababu ni nyepesi. Walibora alizaliwa huku kwetu Bungoma, na mhusika wake, Kongowea Mswahili, anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba yake upande huu wa Kitale. Wengi wetu huisoma tukiwinda dhamira na tamathali za mtihani tu. Si vibaya, lakini humo mna historia iliyolala.

Hebu tuanze. Mtu akisema, "Nitachunguza historia katika Siku Njema," hilo si swali, ni kichwa cha habari. Akiuliza, "Je, Kongowea aliishi kweli?" tutamjibu kwa neno moja na kazi imekwisha, maana huyo ni wa kubuni. Swali la utafiti sharti lishike jambo lililotukia, mahali pake na wakati wake, tena awepo mtu au karatasi ya kulijibu.

Mimi nilianzia kwa baba. Mwanamume wa huku bara angefikaje Tanga hata apate mtoto huko? Riwaya ina jibu lake, ila nje ya riwaya kuna jingine. Zamani Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la reli. Reli ya Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka wa 1893, ya kwetu ikafika Kitale 1926, na baadaye zote mbili zikawa chini ya shirika hilo moja. Mfanyakazi aliweza kuhamishwa kutoka nchi hii hadi ile. Halafu mwaka wa 1977 Jumuiya ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Miaka sita! Sasa wewe mwenzangu fikiria mtoto yuko Tanga na baba yake yuko Kitale.

"Kuvunjika kwa Jumuiya kuliwaathiri vipi watu?" Hilo ni bahari, na mwanafunzi wa shule ya kutwa hana mtumbwi. Nikalipunguza hivi: "Kati ya 1977 na 1983, wafanyakazi wa reli waliorudi Kitale na Bungoma kutoka Tanzania waliwasilianaje na jamaa waliobaki huko?" Miaka imo, watu wamo, mahali pamo. Tena linaweza kunipinga, maana huenda nikakuta wengi walirudi na jamaa zao wote.

Nani atajibu? Magazeti ya wakati ule yatasaidia, lakini hasa ni wazee. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka wa 1977 sasa amepita sabini. Walibora mwenyewe aliaga dunia Aprili 2020, kwa hivyo hatuwezi kumwuliza.

Jirani yetu mmoja alifanya kazi ya reli. Nilipomtajia barua za kutoka Tanga akasema, "Keti kwanza, mjukuu wangu," akaleta kisanduku cha bati. Hakukifungua, ila amekubali tuongee Jumamosi. Nimeshaandika maswali madogo: barua zilipitia wapi? Zilikaa njiani muda gani? Nani alikuwa akiziandika? La nne nimeliacha kwanza, si la kumwuliza mzee siku ya kwanza.