Betri za Msikiti na Kobalti ya Kolwezi



Ndugu zangu, somo hili naliandika kama mtu anayelipa deni. Nilipokuwa mweka hazina wa jumuiya mlinikabidhi dola 320 za michango ninunue betri za msikiti wetu wa kampasi, kwa kuwa hapa Lubumbashi umeme ukikatwa jioni huenda usirudi hadi asubuhi. Nikanunua betri mbili za risasi na asidi, kila moja imeandikwa volti 12, ampea-saa 100. Miezi 13 baadaye, usiku wa 9 wa Ramadhani, imamu akiwa katikati ya tarawehe, spika ilinyamaza na taa zote zikazimika. Tulimaliza swala kwa tochi za simu.

Wengi mlisema muuzaji ametudanganya. Nami nilisema hivyo, maana maneno hayo yalinipunguzia lawama. Baadaye nilikaa na kalamu na karatasi, nikaona kwamba sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu. Na mimi ndiye ninayesoma kemia.

Hebu tufanye hesabu hiyo pamoja. Volti 12 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200. Betri mbili ni wati-saa 2,400. Msikiti una taa 10 za wati 8, jumla wati 80. Kipaza sauti na spika ni wati 70. Simu na kompyuta za ndugu wanaobaki kusoma baada ya Isha nilizikadiria wati 100. Jumla wati 250. Tangu Maghribi hadi saa 8 za usiku ni kama saa 8, kwa hiyo kila usiku tulikuwa tunanyonya wati-saa 2,000 kutoka kwenye betri zilizoandikwa 2,400. Yaani zaidi ya asilimia 80.

Betri ya risasi haivumilii jambo hilo. Inapotoa umeme, bamba zake zote mbili hugeuka taratibu kuwa salfati ya risasi. Ukiichaji mapema, salfati hurudi kuwa risasi na oksidi yake. Ukiimaliza karibu yote na kuiacha hivyo hadi jua lipande, chembe za salfati hukua, hushikamana na kuwa ngumu, na sehemu ile ya bamba haitarudi tena. Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi yao husema usitumie zaidi ya nusu ya kilichomo. Nusu ya 2,400 ni 1,200. Tulichokuwa nacho kilitosha taa na spika kwa saa 8, wala si simu zetu. Tena ile namba 100 kwenye jalada hupimwa kwa kutoa umeme polepole ndani ya saa 20, yaani ampea 5. Sisi kila betri tuliidai zaidi ya ampea 10. Ukiikamua haraka hivyo, hata hizo 100 hazifiki. Teknolojia hii ya risasi ilianza na Gaston Planté wa Ufaransa mwaka 1859, na tabia zake zinajulikana tangu zamani. Sikuwa na udhuru wa kutozijua.

(Zile betri mbovu msimpe mtu wa kuyeyusha risasi uani kwake. Moshi na vumbi la risasi huharibu ubongo wa watoto.)

Tulipochangishana tena, kamati iliniuliza tununue nini. Nikaanza kusoma habari za betri za lithiamu, na hapo ndipo somo lilipokuwa gumu kwangu kwa sababu ambayo nitaieleza.

Betri ya lithiamu ina ncha mbili, na kila ncha ni kama nyumba inayoweza kupokea wageni bila kuvunjwa ukuta. Ukiichaji, ioni za lithiamu huhama kutoka ncha chanya, hupita katika majimaji yaliyo katikati, na kujipenyeza kati ya tabaka za grafiti kwenye ncha hasi. Ukiitumia, hurudi zilikotoka. Elektroni haziwezi kupita katika yale majimaji, kwa hiyo hulazimika kuzunguka kwa njia ya nje, kwenye waya, na humo njiani ndimo zinapowasha taa yetu. Kinachoamua bei, uzito, uhai na hatari ya betri kwa sehemu kubwa ni ile nyumba ya ncha chanya.

Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba oksidi ya kobalti inafaa kuwa nyumba hiyo. Kobalti na oksijeni hujipanga kama kurasa za kitabu, na lithiamu hukaa kati ya kurasa. Katika miaka hiyo hiyo Rachid Yazami, kijana aliyezaliwa Fes nchini Moroko na aliyekuwa akifanya utafiti Grenoble, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka katika grafiti. Akira Yoshino akaunda betri kamili Japani, na mwaka 1991 Sony wakaanza kuuza. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2019 walipewa Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham. Kanuni haziruhusu zaidi ya watu watatu, na Yazami hakuwamo, ingawa mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa tuzo ya Draper ya uhandisi. Kila mara habari hii inapotajwa katika darasa letu la Jumamosi hugeuka malalamiko. Mimi naona tungefaidika zaidi kama nusu ya muda huo tungeutumia kuelewa alichokifanya: grafiti yake imo katika simu karibu zote zilizo mifukoni mwetu.

Basi kobalti ikawa mali. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na si Kongo yote, ni ukanda huu wetu wa Katanga ya zamani, Kolwezi, Fungurume na Likasi. Baba yangu mdogo ni kreseri, anachimba kwa mikono karibu na Kolwezi. Ada ya mwaka wangu wa kwanza chuoni ilitoka katika magunia yake.

Lakini nyumba ya kobalti ina kasoro. Ukitoa lithiamu nyingi mno, kurasa hulegea, na ikipata joto kali huachia oksijeni. Oksijeni ndani ya kitu chenye majimaji yanayowaka ni moto. Goodenough mwenyewe, akiwa wakati huo Texas, alichapisha mwaka 1997 pamoja na wenzake habari za nyumba nyingine: fosfati ya chuma na lithiamu. Hapo fosforasi huikamata oksijeni kwa nguvu sana, haiiachii ovyo. Chuma na fosfati ni vitu vya bei nafuu. Udhaifu wake ulikuwa kwamba haipitishi umeme vizuri, hadi watafiti walipojifunza kuisaga iwe chembe ndogo mno na kuipaka kaboni. Udhaifu mwingine umebaki: seli moja hutoa volti 3.2, wakati ya kobalti hutoa kama 3.7, kwa hiyo kwa uzito ule ule hubeba nishati kidogo. Simu inajali jambo hilo. Msikiti hautembei.

Betri ya namna hii unaweza kuitumia asilimia 80 kila usiku, na huvumilia kujazwa na kumalizwa mara elfu kadhaa, pale ambapo ile ya risasi huhesabu mamia. Kwa fedha ya waqfu na michango, jibu lilikuwa wazi. Viwanda navyo vimeona hivyo. Makampuni ya China, CATL na BYD mbele yao, yamezalisha kwa wingi hata bei zikaporomoka: mwaka 2010 kilowati-saa moja ya betri ya lithiamu ilikuwa zaidi ya dola 1,000, na mwaka 2024 wastani ulikuwa kama dola 115. Mwaka 2024 karibu nusu ya betri zilizowekwa katika magari ya umeme duniani zilikuwa za fosfati ya chuma, ambazo hazina hata punje ya kobalti. Nyuma yake zinakuja za sodiamu, ambazo CATL walizionyesha mwaka 2021, na hizo hazihitaji hata lithiamu.

Ndiyo sababu niliyoisema. Karatasi niliyoiandikia kamati, ikipendekeza fosfati ya chuma, ilikuwa pia ushahidi dhidi ya gunia la baba mdogo. Mwaka 2018 tani ya kobalti ilipita dola 90,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa chini ya dola 25,000, na Februari serikali ikasimamisha usafirishaji nje, kisha Oktoba ikaweka mgao. Si betri za chuma peke yake zilizoishusha bei. Migodi mikubwa ilitoa mzigo kuliko soko. Lakini kreseri haulizi sababu ni ipi kati ya mbili. Anaona depo imefunga.

Nilifikiri siku kadhaa. Mwishowe niliona kwamba mali niliyokabidhiwa si yangu, na siwezi kuitumia kuihurumia familia yangu. Nikapendekeza kilichofaa msikiti.

Safari hii sikununua jalada. Sokoni siku hizi kuna seli zilizokwisha kutumika katika magari, zikatolewa, zikavishwa sanduku jipya. Kwa macho huwezi kutofautisha. Hapa ndipo fiqhi ya biashara ilipotusaidia kuliko nilivyotarajia. Mnakumbuka mlango wa khiyari ya sharti: wanunuzi na wauzaji wanaweza kukubaliana wakati wa mauziano kwamba kuna muda wa kurudisha, na Imamu Shafi na Imamu Abu Hanifa waliukomesha kwenye siku tatu. Asili yake ni sahaba mmoja aliyekuwa akipunjwa sana sokoni, Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aweke sharti hilo. Sisi tumeusoma mlango huu tukifikiria ngamia na watumwa. Siku tatu zinatosha kabisa kuijaza betri, kuimaliza na kuijaza tena.

Muuzaji wa kwanza alikubali sharti, tukaandikiana mbele ya mashahidi wawili. Betri ilikuwa ya volti 12.8, ampea-saa 200. Tuliijaza, tukaifunga taa nne za mbele za gari, tukapima kwa mita: zilivuta ampea 19. Kama namba ni ya kweli, 200 gawanya kwa 19 ni saa 10 na nusu. Tulikaa msikitini zamu kwa zamu na saa ya ukutani. Baada ya saa 5 na nusu ilijizima. 19 mara 5.5 ni kama 104. Tuliuziwa nusu. Muuzaji alinuna, akasema taa za gari si kipimo, lakini karatasi ilikuwa na saini yake na fedha ikarudi. Betri ya muuzaji wa pili ilidumu saa 10 na dakika 10, yaani ampea-saa 193. Hiyo ndiyo iliyo chini ya mimbari leo. Ukitaka kurudia jaribio hili nyumbani, weka fyuzi kwenye waya, na taa zile ziweke mbali na zulia kwa kuwa zinaunguza.

Nilipomsimulia baba mdogo kwenye simu, alicheka, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na sisi taa zetu za gari ziko wapi?" Alikuwa na maana ya depo. Mnunuzi huelekeza kifaa chake kwenye gunia, husoma namba ya asilimia ya kobalti ambayo mchimbaji haoni au haelewi, hukata kidogo kwa unyevu, na bei hutoka hapo. Likizo iliyofuata nilichukua udongo kidogo kutoka gunia alilopimiwa asilimia 1.4. Katika maabara nilipata 2.3. Sampuli moja si ushahidi, gunia moja lina mawe mazuri na mabaya, na sitamtuhumu mtu kwa kijiko kimoja cha udongo. Ila najua sasa jinsi ya kuchanganya gunia zima, kuligawa robo kwa robo na kuchukua sampuli ya haki, na nimemfundisha yeye na wenzake watatu. Kupunja vipimo ni dhambi ambayo sura nzima ya Qur'ani imeanza kwa kuikaripia, na watu wa Nabii Shuaibu waliangamia wakiwa nayo. Tangu mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kituo cha utafiti wa betri. Wanafunzi wa kemia na wa madini miongoni mwenu, mlango uko karibu kuliko tunavyodhani, na Kolwezi ni kilomita 300 tu.

Kuhusu msikiti: soketi za simu sasa zinajizima saa 4 usiku, na kila Ijumaa mtu wa zamu anaandika volti za betri kwenye daftari lililo juu ya kabati la misahafu. Tafadhalini msilichane kurasa.

Mwezi uliopita baba mdogo alikuja Lubumbashi, akaswali Isha nasi, na baada ya swala akainama kuitazama betri. Akauliza kobalti yake iko upande gani. Nikamwambia haimo. Alikaa kimya kidogo, akiipapasa kwa kiganja.

"Na simu yako?"

"Simu inayo, baba mdogo."

"Haya," akasema, akachukua viatu vyake.