Seli Jirani Zinashikanaje? (Waefeso 4:16)

Tuliposoma mstari huu hapa Lodwar, mzee mmoja aliniuliza: viungo vya mwili vinashikanishwa na nini hasa? Mimi nilisomea biashara, si udaktari, kwa hivyo ikabidi nitafute vitabu.

Mwili umejengwa kwa seli, chembe ndogo mno. Seli jirani hushikana kwa protini zinazoitwa kadherini. Kila seli hutoa zake nje, zinakutana na za jirani, zinashikana. Upande mmoja usipotoa, hakuna mshiko. Tena zinahitaji kalsiamu, yale madini yaliyo kwa maziwa. Ukiyaondoa kwenye maabara, seli zinaanza kuachana.

Sasa, kadherini moja peke yake ni dhaifu. Zinahitaji kuwa nyingi, na haziishii kwa uso wa seli. Zinapenya hadi ndani na kufungwa kwa nyuzi zinazoipa seli yenyewe nguvu. Kwenye ngozi, nyuzi hizo ni keratini. Ndio maana ngozi ikivutwa, seli nyingi hubeba mzigo pamoja. Msuguano ukizidi, kama ukitembea mbali na akala mpya, seli zinaachana, maji yanajaa katikati: hilo ndilo lengelenge.

(Wengi mmetumiwa kwa WhatsApp picha ya laminini yenye umbo la msalaba. Sina ugomvi nayo, lakini hiyo hushikisha seli kwa tabaka lililo chini yake, si kwa jirani. Na wokovu wetu hautegemei umbo la protini.)

Niseme ukweli. Nikihudumu Kakuma, niliendesha ushirika wa nyumbani kama duka: nahesabu vichwa, najaza daftari. Ndugu mmoja mkimbizi alikuwa na alama ya kuhudhuria kila wiki. Mgao wa chakula ulipopunguzwa, akaacha kuja. Nilipomfuata, mkewe akaniambia, "Pasta, umetusalimia kwa mkono miaka miwili, lakini leo ndio umeingia kwetu." Sikuwa na jibu. Akanipa chai ya rangi, bila sukari, kwa sababu haikuwepo. Yule ndugu bado hajarudi kanisani, ingawa siku hizi hunipigia simu.

Jumatano hii tunakutana manyumbani. Soma Waefeso 4:1-16, na uje na jina la mshirika mmoja ambaye hujawahi kuingia kwake.