Kabla ya Kununua Mbolea, Chimba Shimo



Somo letu la leo ni juu ya udongo mweusi wa tambarare. Ni ule ambao mvua ikinyesha unashika gambuti mpaka unatembea na nusu ya shamba miguuni, na jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza panga. Wengi wetu huku Mwea, Kirinyaga, tunaishi juu yake. Wenzetu wa uwanda wa Kano karibu na Kisumu wanaujua, na wa Athi River na Embakasi pia.

Tunauita udongo mweusi wa pamba. Jina hilo lilitoka India, ambako pamba ililimwa sana katika udongo wa namna hii. Wataalamu wanauita vertisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza, kwa sababu udongo huu hujigeuza wenyewe. Tutaona namna gani.

TUANZE NA KOSA LETU

Katika kikundi kimoja cha akina mama tunachotembelea, kulikuwa na mama aliyetoka sehemu za juu, kule kwenye udongo mwekundu. Yeye na mzee wake walinunua ekari moja huku chini. Walilima vile walivyozoea kule juu: shamba sawasawa, bila matuta, mahindi yakapandwa mvua ilipoanza.

Mahindi yalipofika magotini, majani ya chini yakaanza kuwa manjano. Mama akatuita. Sisi tukaangalia majani tukasema: hii ni njaa ya naitrojeni, weka mbolea ya CAN. Hakuwa na pesa, kwa hivyo akakopa katika mfuko wa kikundi. Akaweka mbolea yote.

Baada ya majuma mawili mahindi yalikuwa manjano kuliko mwanzo. Siku ya kulipa mkopo ikafika, mama hana kitu. Maneno yakaanza. Ati ni mvivu. Ati aliuza ile mbolea. Wengine wakasema shamba lile lina laana ya wenyewe wa zamani. Mama akaacha kuja kikundini, halafu akaacha kuja hata kwenye jumuiya.

Tulirudi kwake pamoja na afisa wa kilimo. Yeye hakushughulika na majani. Aliomba jembe, panga na debe la maji, akaanza kuchimba katikati ya shamba. Hata kabla ya kufika nusu mita, maji yakaanza kutoka pembeni mwa shimo, na harufu ya matope yaliyooza ikatoka. Aling'oa mhindi mmoja akatuonyesha mizizi: ya kahawia, mifupi, imekunjamana karibu na juu.

"Mahindi haya hayana njaa," akasema. "Yanazama."

Basi, ile shilingi ya kikundi tuliipoteza sisi washauri, si yule mama. Ndiyo maana tunaandika somo hili. Tutafuata njia yetu ya kawaida: tuangalie, tupime, tutende.

TUANGALIE: NI NINI KIKO CHINI?

Ukichimba shimo la mita moja katika udongo mweusi wetu, utaona matabaka. Unene wake hautakuwa sawa kila mahali, lakini mpangilio ni kama huu:

Tabaka la kwanza, sentimita chache za juu. Wakati wa kiangazi ni punje ndogo ndogo zilizolegea. Ukitazama hapa tu utafikiri ni udongo laini wa bustani.

Tabaka la pili, jeusi na zito. Linaweza kwenda chini mpaka kimo cha goti au zaidi. Likikauka ni madonge magumu kama matofali, na nyufa zinalipita. Likilowa ni kama unga wa kukanda. Ukivunja donge kutoka sehemu ya chini, utaona nyuso zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Hizo ni alama za udongo kusukumana na kuteleza wenyewe kwa wenyewe.

Tabaka la tatu, la rangi ya kijivu. Mara nyingi lina madoa kama kutu na vijiwe vyeupe vya chokaa. Rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu inatuambia kwamba maji husimama hapa muda mrefu na hewa haifiki. Hata usipokuta maji siku hiyo, madoa yamekwisha kukuambia.

Tabaka la nne, mwamba uliooza au maramu. Kwa wengine liko karibu, kwa wengine utachoka kabla ya kulifikia.

Weusi usitudanganye. Wengi wetu tulifundishwa kwamba udongo mweusi una mbolea. Huu wetu una chokaa ya kutosha, lakini mara nyingi una upungufu wa naitrojeni na fosforasi. Mboji yake ni kidogo kuliko rangi inavyoonyesha.

KWA NINI MAJI HAYASHUKI?

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo kuliko 0.002 mm, huwezi kuziona kwa macho. Katika vertisoli, mfinyanzi ni asilimia 30 au zaidi, na mara nyingi hupita nusu. Tena mfinyanzi huu ni wa aina ya kuvimba. Fikiria kitabu kilichoanguka kwenye maji: maji yanaingia kati ya kurasa na kitabu kinanenepa. Kikikauka, kinajikunja. Udongo wetu unafanya vivyo hivyo kila mwaka.

Wakati wa kiangazi udongo unanywea na kupasuka. Nyufa huwa na upana wa sentimita 1 au zaidi, na kina cha nusu mita na kupita. Udongo wa juu unaanguka ndani ya nyufa. Mvua inaporudi, wa chini unavimba, unakosa nafasi, unasukuma wa juu. Huko ndiko kujigeuza tulikotaja.

Mvua ya kwanza inaingia kwa nyufa haraka sana, nasi tunafurahi. Lakini udongo ukishavimba, nyufa zinajifunga, na matundu yaliyobaki ni madogo mno. Mvua inayofuata haina njia. Inasimama.

Mizizi ya mahindi inahitaji hewa kama sisi. Maji yakijaza matundu yote kwa siku kadhaa, mizizi inakosa pumzi na haiwezi kufyonza chakula hata kikiwa karibu. Zaidi ya hayo, vijidudu vya udongo vikikosa hewa hutumia naitrojeni ya mbolea, na sehemu yake kubwa inageuka gesi na kupotea hewani. Sasa unaona ile CAN ya mama ilienda wapi. Majani yalikuwa manjano kwa kukosa naitrojeni, hapo hatukukosea. Tulikosea kwa kutouliza kwa nini inakosekana.

Lakini tusiulaani udongo huu. Hicho hicho kinachozamisha mahindi ndicho kinachoshika maji ya mpunga. Skimu ya umwagiliaji ya Mwea ilianzishwa miaka ya 1950, na huu udongo mweusi usiopitisha maji ni sababu moja kubwa ya mpunga kustawi hapa.

TUPIME: MAJARIBIO MATATU YASIYO NA GHARAMA

1. Shimo. Mwishoni mwa mvua, chimba shimo la upana wa sentimita 60 na kina cha mita moja. Chimba sehemu ya juu ya shamba na sehemu ya chini. Andika rangi, madoa, mizizi imefika wapi, na maji yameonekana wapi. Upande mmoja uwe na ngazi za kupandia. Kuta za udongo uliolowa huporomoka, kwa hivyo usiingie shimo lenye maji wala usiende chini zaidi ya mita moja. Ukimaliza, fukia. Shimo wazi ni hatari kwa watoto na ng'ombe.

2. Mkono. Chukua udongo, ondoa mawe, lowesha kidogo, kanda. Viringisha uwe kama kamba nene kama penseli, kisha uikunje iwe pete. Ikikunjika bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi. Ikivunjika, kuna mchanga au udongo tifutifu.

3. Debe. Udongo ukiwa umeshalowa, mwaga debe moja la maji katika shimo dogo la kimo cha jembe, jioni. Rudi asubuhi. Kama maji bado yako, usingoje mahindi yakuambie.

TUTENDE: MAMBO YA KUFANYA SHAMBANI

Inua mmea. Tengeneza matuta mapana, sentimita 80 juu, na mfereji wa sentimita 40 kati ya tuta na tuta, wenye kina cha kama sentimita 20. Panda mistari miwili juu ya tuta. Katika nyanda za juu za Ethiopia, wakulima wenye udongo kama wetu wametumia matuta ya namna hii kwa plau ya ng'ombe tangu miaka ya 1980. Sisi wenye jembe tunaweza kuanza na robo ekari.

Yape maji mahali pa kwenda. Mifereji ifuate mteremko, hata kama ni mdogo, na imwage katika mtaro mmoja mkubwa. Hapa lazima tuseme ukweli: wengi wetu tunatoa maji shambani mwetu na kuyapeleka kwa jirani. Hiyo si maendeleo. Kaeni chini majirani wote wa mteremko mmoja, mkubaliane mtaro utapita wapi kabla ya mtu yeyote kuchimba. Usielekee kisimani wala barabarani.

Lima kwa wakati. Udongo huu una siku chache za kulimika. Ukilowa unanata na kushindiliwa, ukikauka unavunja mpini. Tayarisha matuta baada ya kuvuna, wakati bado una unyevu kidogo, halafu panda kabla mvua ya masika ya Machi haijashika.

Weka samadi na mboji juu ya tuta kila msimu. Hizi hulegeza udongo pole pole. Usidanganywe kuchanganya mikokoteni miwili ya mchanga, haibadilishi kitu.

Mbolea ya dukani iwekwe baada ya maji kutoka. Udongo uwe na unyevu, si dimbwi. Gawanya mara mbili, ili mvua kubwa ikija isiharibu yote.

Chagua mmea wa mahali. Kona ya chini isiyokauka, weka nduma au mpunga. Mtama huvumilia kuliko mahindi. Ndengu zipandwe juu ya tuta mvua ikielekea kuisha, zikue kwa unyevu uliobaki.

NENO MOJA JUU YA NYUMBA NA CHOO

Udongo unaoweza kusukuma donge unaweza kusukuma ukuta. Msingi mfupi juu ya udongo mweusi utapasuka. Mwombe fundi aondoe udongo huo mpaka tabaka gumu, ajaze maramu na kushindilia vizuri, na maji ya paa yapelekwe mbali na ukuta. Choo cha shimo kijengewe kuta ndani na kiinuliwe juu ya ardhi, kwa maana shimo lisilojengewa huporomoka na mvua hulijaza, uchafu ukatoka nje. Kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na upande wa chini wa mteremko.

MWISHO WA HADITHI

Tulirudi kikundini tukiwa na donge la udongo wa lile tabaka la kijivu ndani ya karai. Tulieleza mbele ya wote kwamba shauri baya lilikuwa letu, na tukamwomba yule mama msamaha. Akina mama walilishika donge, wakalinusa, wakanyamaza. Kisha mmoja wao, aliyesema maneno mengi zaidi, akauliza kama shamba lake yeye pia linaweza kuwa hivyo. Walimwongezea mama muda wa kulipa.

Msimu huo alivuna kidogo sana. Msimu uliofuata kikundi kilikwenda kwa zamu kutengeneza matuta, kuanzia kwake. Mahindi ya juu ya matuta yalibaki kijani. Yale ya kona ya chini yalizama tena, na sasa pale kuna nduma. Mkopo umelipwa. Kikundi kimeweka sheria mpya: hakuna mkopo wa mbolea kabla ya shimo kuchimbwa na watu wawili kulitazama.

Katika mfano wa mpanzi, Injili ya Mathayo sura ya 13, mbegu ni moja, ardhi ndiyo tofauti. Tukiona jirani hazai matunda, tusikimbilie kumhukumu. Tuulize kwanza anasimama juu ya nini.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Ni shamba gani katika kijiji chetu ambalo watu husema lina laana? Je, tumewahi kuchimba tukaona?

2. Maji ya mashamba yetu yanaishia kwa nani? Tumeongea naye?

3. Ni mara ngapi kikundi chetu kimetoa pesa kabla ya kuangalia tatizo lenyewe?

4. Nani ataleta jembe, panga na debe Jumamosi hii, na tutaanza kwa shamba la nani?