Askari Kanzu Akikana, Bado Ni Askari

Dada, kwenye gesti za Katoro na Kahama kuna dawa ya uongo inayopitishwa mdomo kwa mdomo: muulize mteja, "We ni polisi?" Akikana, eti kesi haipo. Si kweli. Hakuna sheria ya Tanzania inayomlazimisha askari kanzu kujitaja akiulizwa faragha, na sare si sharti la kukamata. Ukimsukuma, umeongeza kosa juu ya kosa.

Kinachokulinda kinaanza pale anapokukamata. Muulize kwa sauti ya kawaida: kwa kosa gani? Anapaswa kukueleza. Kanuni ya Adhabu inamgusa anayetafuta wateja hadharani, mwenye danguro, na anayeishi kwa mapato ya mwingine anayejiuza. Kwa hiyo mwenye gesti asijione salama kwa kuwa yeye hajiuzi. Na binti wa chini ya miaka 18 ni mtoto. Kesi ni ya aliyemleta na aliyemnunua.

Kubeba kondomu si kosa. Usizitupe ukiona difenda. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha.

Kituoni ndiko wengi wanakoumia. Taja jina na makazi yako. Maswali mengine una haki ya kutoyajibu, na ya kuomba ndugu au wakili ajulishwe. Shika namba moja kichwani, maana simu itachukuliwa. Kisha italetwa karatasi ya maelezo. Ni saa nane usiku, mtoto umemwacha kwa jirani, unaambiwa, "Weka dole uende zako." Usiweke. Soma kila ukurasa, au omba usomewe, na neno ambalo hukulisema lirekebishwe kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu wino wa dole hilo ndio utakaokukuta mahakamani, wakati aliyekuahidi kwenda nyumbani hayupo.

Dhamana ya polisi hailipiwi. Mdhamini aje na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Kwa makosa madogo kama haya, saa 24 zikipita bila mahakama wala dhamana, ndugu zako waende kwa mkuu wa kituo waulize kwa nini. Picha zako kuzagaa mitandaoni, kama zilivyozagaa zile za msako wa Ubungo Juni 2024, si hukumu: Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika.

Askari akitaka mwili wako ili akuachie, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007, hata kama unajiuza. Kariri saa, mahali na namba ya gari, upige TAKUKURU 113, bure. Ukibakwa, na mteja au na yeyote, nenda dawati la jinsia upewe PF3, na usioge kabla daktari hajakuona.