Ofa ya Dukani na Ofa ya Benki: Je, Tuhamishe Mkopo wa Nyumba?

Haya ni kwa ndugu zetu mlioko Riyadh, Jeddah, Doha, Dubai na Maskati. Kila Ramadhani, na kila Novemba, simu zetu hujaa picha za ofa: mchele, mablanketi, simu, runinga. Tunatumiana, na ni jambo zuri, maana mwenye kujua bei poa akinyamaza anawaumiza wenzake. Siku hizi kuna ofa nyingine inayozunguka kwa wenye mikopo ya nyumba Kenya na Tanzania: "Hamisha mkopo wako uje kwetu, riba yetu ni nafuu." Leo tunazisoma ofa hizi mbili kwa pamoja, kwa sababu maswali yake ni yale yale.

Maswali matatu ya dukani

Kabla ya kusema "nimeokoa", tujiulize:

1. Ningekinunua kitu hiki hata kama hakuna ofa?
2. Kikifika kinapokwenda, kitakuwa kimenigharimu kiasi gani chote?
3. Hela niliyookoa imekwenda wapi?

Chukua runinga. Bei ilikuwa riyali 800 za Saudia, ofa imeishusha hadi 600. Kago na ushuru tuseme ni 250. Ikifika nyumbani imekula 850. Runinga kama hiyo dukani Nakuru tuseme ni shilingi 26,000, yaani kama riyali 755. Umefurahia kuokoa 200, kumbe umepoteza 95. Swali la pili limekuokoa.

Sasa mchele. Ndugu wanne wa site wanaochangia jiko wananunua paketi nane za kilo 5, kila moja riyali 35, jumla 280. Gunia la kilo 40 wanalipata kwa 220. Wameokoa 60, kila mmoja 15. Ongeza ada ya kutuma pesa: tuseme ni riyali 15 kila ukituma. Ukituma mara moja kwa mwezi badala ya mara tatu, umeokoa 30. Wewe dada unayekaa kwa mwajiri na chakula ni chake, hili la ada linakuhusu zaidi kuliko mchele. Bando la simu la mwezi badala ya la kila wiki, weka 15 nyingine. Jumla riyali 60.

Riyali 60 ni ndogo? Shika namba hiyo, tutarudi kwake. Swali la tatu ndilo watu wengi hulikimbia: kama riyali 60 zimeishia kwenye marashi, ofa haikutusaidia kitu.

Kwa nini mkopo umekuwa mzito

Wengi wanashangaa: mshahara ni ule ule, mbona marejesho yanabana? Riyali ya Saudia imefungwa na dola kwa 3.75 tangu 1986. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160 za Kenya, kwa hiyo riyali 1,000 zilifika nyumbani zikiwa zaidi ya 42,000. Baadaye shilingi ikapata nguvu, dola ikakaa karibu na 129. Riyali 1,000 zikawa kama 34,400. Mshahara haukukatwa hata halala moja, lakini nyumbani zimepungua zaidi ya elfu nane kila mwezi. Benki inadai kwa shilingi. Pengo hilo unaliziba wewe.

Upande wa pili kuna habari njema. Benki Kuu ya Kenya iliweka riba yake elekezi kuwa asilimia 13 mwezi Februari 2024, kisha ikaishusha hatua kwa hatua hadi asilimia 10 kufikia Aprili 2025. Ndiyo maana benki zinagombania wateja. Mwenye mkopo wa zamani ana haki ya kuuliza: na mimi yangu imeshuka?

Hesabu ya kuhamisha

Tuseme deni lililobaki ni shilingi 1,000,000, imebaki miaka 10, riba ni asilimia 16 kwa mwaka kwa deni linalopungua. Marejesho ni kama 16,750 kwa mwezi. Benki nyingine inakupa asilimia 13 kwa miaka ile ile 10. Marejesho yanakuwa kama 14,930. Unaokoa 1,820 kila mwezi. Kwa miaka 10 ni zaidi ya 218,000. Tamu!

Ngoja kwanza, swali la pili. Kuhamisha kuna gharama: mthamini wa nyumba, mawakili, kufuta rehani ya zamani na kusajili mpya, ada ya benki mpya ya kuandaa mkopo, bima, na pengine faini ya kuvunja mkopo wa zamani mapema. Tuseme yote ni 75,000. Gawanya 75,000 kwa 1,820: miezi 42. Miaka mitatu na nusu ndipo unaanza kuona faida ya kweli.

Sasa tazama mkataba wako wa kazi. Kama umebakiza miaka miwili, na mpango wako ni kurudi na akiba ukamalize deni lote, kwa miezi 24 utakuwa umeokoa kama 43,700 kwenye marejesho. Deni nalo litakuwa limeshuka kwa kama 15,700 zaidi kuliko kwenye mkopo wa zamani. Jumla 59,400. Bado hujafika 75,000. Umehama ukapata hasara. Lakini kama utaendelea kulipa miaka yote 10, faida ni kama 143,000 baada ya gharama. Benki ni ile ile, riba ni ile ile. Mipango yako ndiyo inayoamua.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni miaka. Ofisa wa benki atakuambia: "Tukupe miaka 15, ulipe 12,650 tu." Unapumua. Hebu zidisha: 12,650 mara miezi 180 ni 2,277,000. Mkopo wako wa zamani wa asilimia 16 ungelipa 16,750 mara 120, yaani 2,010,000. Riba imeshuka lakini unalipa zaidi kwa 267,000, bila kuhesabu gharama za kuhama. Ukilazimika kurefusha kwa sababu kazi imeyumba, sawa, ni dawa. Ila usiite ofa.

Mtego wa pili ni aina ya riba. Kuna riba inayohesabiwa kwa deni linalopungua, na kuna riba inayohesabiwa kwa deni lote la mwanzo mpaka mwisho hata ukishalipa nusu. Asilimia 8 ya aina hii ya pili, kwa milioni moja na miaka 10, ni riba ya 800,000; marejesho 15,000 kwa mwezi. Hiyo ni ghali kidogo kuliko asilimia 13 ya deni linalopungua! Usilinganishe asilimia na asilimia. Linganisha marejesho ya mwezi na jumla yote mpaka siku ya mwisho. Wenye makubaliano ya benki ya Kiislamu, ulizeni kwa maandishi: nikimaliza mapema, napunguziwa faida kiasi gani?

Riyali 60 zetu

Turudi kwa zile riyali 60 za mchele, ada na bando. Ni kama shilingi 2,000. Usihame benki, baki na asilimia yako 16, ila kila mwezi lipa 18,750 badala ya 16,750, hiyo 2,000 ikapunguze deni la msingi. Deni linaisha kwa miezi 94 badala ya 120. Zaidi ya miaka miwili imekatwa, na jumla ya riba imepungua kwa kama 250,000. Hii ni kubwa kuliko faida ya kuhamisha tuliyoiona juu, na haina mthamini wala wakili. Ukifanya yote mawili, ni bora zaidi.

Sharti moja: iandikie benki kwamba nyongeza ni ya kupunguza deni la msingi. Usipoandika, huenda ikawekwa kama malipo ya mwezi ujao, na riba yako isipungue ulivyotarajia. Uliza pia kama mkataba wako unatoza faini kwa kulipa zaidi.

Hatua za kufuata

Kwanza, omba benki yako taarifa ya deni: kilichobaki, riba ya sasa, miezi iliyobaki na faini ya kumaliza mapema.

Pili, iombe benki hiyo hiyo ipunguze riba, kwa barua au barua pepe, ukitaja ofa uliyopewa kwingine. Ikikubali, umekwepa gharama nyingi za kuhama.

Tatu, ikikataa, pata ofa ya maandishi ya benki nyingine, na sako yako pia. Kenya ina KMRC, iliyoanzishwa 2018, na Tanzania ina TMRC, iliyoanzishwa 2010. Hizi hazikukopeshi wewe moja kwa moja. Huwapa wakopeshaji fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba. Uliza kama mkopo wako unaweza kuingia kwenye mpango huo.

Nne, kama mtu wa nyumbani atasaini kwa niaba yako, hati ya uwakilishi itaje mkopo huo mmoja, kiwanja hicho kimoja na mwisho wa muda wake. Usitoe hati ya wazi ya "mambo yangu yote", hata kwa kaka uliyenyonya naye ziwa moja. Hati ya namna hiyo inaweza kutumiwa kuongeza mkopo juu ya nyumba yako ukiwa huku unapiga pasi. Na hati ya kiwanja itoke benki kwenda benki kupitia mawakili. Isipitie mfukoni mwa mtu.

Zoezi la wiki hii

Chukua karatasi, andika mistari minne: marejesho yangu ya sasa, marejesho mapya kwa miezi ile ile iliyobaki, gharama zote za kuhama, na miezi niliyopanga kuendelea kulipa. Gawanya gharama kwa tofauti ya marejesho. Jibu likiwa dogo sana kuliko miezi yako, endelea na mazungumzo. Likikaribiana au kuzidi, tulia, tuma riyali zako 60.

Na ofa za mchele tuendelee kutumiana. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kina hati ya nyumba ndani yake.